Bonge Lisilosikia Warfarini

Wenzangu, wimbo wangu mnaujua: si kila kinachoziba ateri ya mapafu ni damu iliyoganda. Mgonjwa anahema, skani ya CT inaonyesha kitu ndani ya mshipa, anaandikiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Miezi 3 baadaye INR, kipimo cha jinsi dawa inavyochelewesha damu kuganda, iko kati ya 2 na 3 kama ilivyotakiwa, lakini kitu kile kimenenepa. Tunafanya nini? Tunamlaumu kwamba hamezi dawa! Jamani, kama hamezi, INR imepandishwa na maji ya mfereji?

Huenda kitu kile ni saratani. Sarkoma ya ateri ya mapafu, yaani saratani inayomea ndani ya mshipa huo, ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1923, na Mandelstamm, kutokana na maiti iliyopasuliwa. Mara nyingi humea kwenye utando wa ndani na kukua kufuata mkondo wa damu, ndiyo maana hutudanganya.

Basi fungueni skani tena. Bonge la damu hupenda matawi, aghalabu mapafu yote mawili, na likizeeka hunywea na kujibana ukutani. Sarkoma hupenda shina, hujaza kipenyo chote na kuutanua mshipa. Angalieni hasa ukingo unaoelekea moyoni: wa sarkoma mara nyingi umefura kuikabili damu inayokuja. Kisha fuateni ukuta. Ukiona umeliwa, au uvimbe umetoka nje ya mshipa, bonge la damu halifanyi hivyo. Ongezeni kukonda, homa, ESR (kipimo cha damu cha uvimbe mwilini) ya juu, miguu isiyo na bonge na D-dimer (kipimo cha damu ambacho kwa kawaida hupanda kukiwa na bonge) ya kawaida.

"Lakini daktari, kukonda, homa na kukohoa damu hapa kwetu ni TB." Sawa, peleka makohozi yakapimwe TB kwa mashine ya GeneXpert. Yakirudi safi, usimwanzishie vidonge vya miezi 6 kwa kubahatisha huku picha ya mshipa iko mezani. Na anayesema ugonjwa huu ni nadra mno, kweli ni nadra. Ila bila upasuaji wengi hawamalizi miezi michache, na kusoma upya skani iliyokwisha lipiwa hakumgharimu mtu shilingi.

Ukishashuku, omba MRI yenye gadolini, dawa ya kung'arisha picha: uvimbe una mishipa yake, kwa hiyo hung'aa, bonge kwa kawaida halinywi dawa hiyo. PET, skani inayoonyesha seli zinazokula sukari nyingi kama za saratani, na mashine zipo hapa Nairobi, husaidia pia, ingawa isiyowaka haimwondolei mgonjwa shaka. Biopsi ya katheta, yaani kuchota kipande cha kupima kwa mrija uliopitishwa mshipani, inaweza kuchota damu iliyoganda juu ya uvimbe, ukapewa jibu la uongo. Na dawa za kuyeyusha bonge, tafadhali, haziyeyushi nyama. Zinaweza tu kumvujisha damu ubongoni.

Upasuaji mbio mbio, mwenyekiti ameshaangalia saa. Kifua hufunguliwa kupitia mfupa wa kati, mgonjwa huingia kwenye mashine ya moyo na mapafu, na mshipa usibinywebinywe, kipande kisije kikakatika. Mwili hupozwa hadi takriban nyuzi 18 hadi 20, mzunguko husimamishwa kwa vipindi vya kama dakika 20, ili uone ukuta bila damu. Kuchuna utando wa ndani hufungua njia lakini mara nyingi hubakiza uvimbe; inapowezekana, kata shina lenyewe na kuliunga upya, pamoja na vali ikiwa imeshikwa. Siku za kwanza ogopeni mapafu kujaa maji baada ya damu kurudi kwa nguvu.

Kemo, doksorubisini na ifosfamidi, tuiache kwa leo. Ila kwenye fomu ya maabara msiandike "bonge". Andikeni "nashuku sarkoma", na ombeni kipimo cha MDM2, jeni ambayo mara nyingi huongezeka kwenye sarkoma hii.