Hamisha kwanza, kurekebisha baadaye: apu za Eclipse kwenda Android Studio

Assalamu alaikum, na shukrani kwa nyote mliofika, hata mliovuka feri na joto hili. Leo naongea juu ya zile apu za Android zilizoandikwa ndani ya Eclipse, programu ya zamani ya kuandikia apu, manake hapa Mombasa bado ziko kazini, muuza jumla wa soko la Kongowea anaandika madeni ya wateja humo kila siku na kijana aliyemtengenezea alishahama zamani.

Android Studio 1.0, programu ya Google ya kuandikia apu iliyochukua nafasi yake, ilitoka Desemba 2014, na mwisho wa 2015 Google wakaacha kuishughulikia ADT, ile plagini ya Eclipse. Apu hazikufa siku hiyo, ndio maana watu wakatulia. Lakini Android 14 ya 2023 inakataa kuinstol apu inayolenga API (namba ya toleo la Android) chini ya 23, kwa hivyo mwenye duka akinunua simu mpya ndio anapiga simu, na projekti haijafunguliwa miaka.

Sasa kuna tabia inaniuma sana: mtu akishaimpoti tu anabadilisha laibrari, anapanga skrini upya, anapandisha targetSdk (ile namba ya API ambayo apu inailenga), yote jioni moja, halafu apu ikianguka hajui kilichoiangusha ni kipi. Kuhama ni kazi yake na kurekebisha ni kazi yake, nawaomba msizichanganye. Nakilini folda nzima, itieni kwenye Git, inayotunza kila badiliko la mafaili, na uchafu wake wote, ndio muimpoti. Mtaona folda ya src yenye msimbo imeingia app/src/main/java, na jar (mafaili ya laibrari) zingine za folda ya libs zimegeuzwa mistari ya Gradle, chombo kinachojenga apu. Mnaachiwa faili la import-summary.txt, lisomeni lote, limetaja yale mafaili yaliyoachwa nyuma. Projekti ikielekea JCenter, ghala la laibrari la mtandaoni lililotangazwa kufungwa 2021, elekezeni ghala la Maven Central, na laibrari isiyokuwepo huko tumieni jar yenu ile ile.

Ikishabildi tieni mauzo yale yale kwenye simu mbili, moja na apu ya zamani moja na mpya, jumla zilingane. Hapo tu ndio mpandishe targetSdk, mkijua kuanzia 23 ruhusa ya kamera lazima apu iiombe ikiwa inatumika, na msimbo wa zamani hauombi. AndroidX, zile laibrari mpya za Google, ifuate baada ya hapo.

Kubwa zaidi ni faili la ufunguo wa kusainia apu. Android haikubali kuapdeti apu mpaka iwe imesainiwa kwa ufunguo ule ule wa mwanzo. Na jamani, wengi waliwapa wateja apu kwa WhatsApp imesainiwa na debug.keystore, lile faili la ufunguo wa majaribio linalokaa kwenye folda ya .android ya laptopu iliyotumika, laptopu ikiuzwa limekwenda nalo. Ukiambiwa basi dilit apu uinstol upya, hapo hapo hifadhidata ya SQLite, faili lenye data za apu ndani ya simu, inafutika na madeni ya watu yamo humo! Msidilit. Kama ilibildiwa kwa debug (debuggable), amri ya run-as ya adb, chombo cha kuamuru simu kutoka kompyuta, itawaingiza kwenye folda ya apu ili mnakili faili la hifadhidata, na kama si ya debug jaribuni adb backup, amri ya kunakili data za apu, apu nyingi za wakati ule hazikuizima. Mkishalipata lifungueni kwenye kompyuta, hesabuni safu za madeni mbele ya mwenye duka mwenyewe, ndio muiondoe ile ya zamani.