Choo cha Ghorofani na Boriti Zilizooza Chini Yake

ZUHURA: Asalaam aleikum wasikilizaji. Karibuni tena barzani kwetu. Mimi Zuhura, na ubavuni pangu yupo Haji.

HAJI: Waaleikum salaam. Leo viatu vyangu vina vumbi la chokaa, maana nimetoka moja kwa moja nyumbani kwako, Da Zuhura.

ZUHURA: Ndiyo habari yenyewe. Mwaka huu mimi na mume wangu tumenunua nyumba Kiponda, hapa Mji Mkongwe wa Unguja. Ghorofa mbili, ua mdogo katikati, mlango wa nakshi. Nilipoingia mara ya kwanza moyo ulitulia pale pale. Hatujakabidhiwa funguo, mie nishachagua marumaru za vyoo na za sebule. Nyeupe, za kung'aa, sitini kwa sitini.

HAJI: Ukanionesha picha kwenye simu.

ZUHURA: Nikakuonesha. Na weye hukutazama picha. Uliniuliza, "Chini ya choo cha juu pana chumba gani?" Nilikasirika, wallahi. Nimekuita unipigie hesabu ya maboksi, unaniuliza habari za chumba cha chini.

HAJI: Mjomba wangu, aliyenifundisha uashi, akiitwa nyumba kongwe alikuwa haanzii chooni. Anaanzia chumba kilicho chini ya choo, anatazama juu. Dari ya nyumba zetu za Mji Mkongwe ni boriti za mkoko zimelazwa, juu yake mawe ya matumbawe, juu yake chokaa iliyopigwa ikashikana. Maji yakipenya kutoka juu, yanapita kwenye chokaa kimya kimya miaka na miaka, yanakwenda kukaa pale ncha ya boriti inapoingia ukutani. Katikati ya boriti utaona nzima, imepakwa rangi vizuri. Ncha imeshakuwa unga.

ZUHURA: Ukachukua bisibisi.

HAJI: Nikachoma karibu na ukuta. Ikaingia mpaka kwenye mpini.

ZUHURA: Mie nilikaa kwenye ngazi nikanyamaza. Mjue, tangu Beit al-Ajaib, lile jumba kongwe la pale Forodhani, ianguke ule upande, Disemba 2020, mtu wa Mji Mkongwe akisikia dari inalia usiku anaamka. Na hicho ndicho chumba nilichotaka kumlaza mama.

HAJI: Boriti kumi na moja, sita zilikuwa mbovu. Lakini kilichonitisha zaidi ni mzigo wa juu. Tulipovunja tulikuta nini?

ZUHURA: Sakafu tatu! Marumaru za kahawia, chini yake za buluu, chini yake saruji nyekundu iliyosuguliwa. Kila aliyekaa pale choo kilipovuja aliongeza tabaka jipya juu ya la zamani.

HAJI: Sasa wasikilizaji tupige hesabu pamoja. Choo kile ni mita mbili kwa mbili na nusu, yaani mita tano za mraba. Saruji na mchanga wa unene wa sentimita tano ni kama kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Hiyo nusu tani. Marumaru zenyewe kama kilo 20 kwa mita, ongeza kilo 100. Tabaka moja tu ni kilo 600. Na pale palikuwa na matabaka zaidi ya moja, juu ya boriti zilizooza ncha.

ZUHURA: Na tangi.

HAJI: Na tangi juu ya paa, katikati ya chumba. Lita 1,000. Likijaa ni tani moja kamili. Watu wanaliona jepesi kwa sababu ni plastiki.

ZUHURA: Tulilishusha siku ile ile, sasa limekaa uani juu ya msingi wake. Juu tumeweka dogo la lita 200, limeegemea ukuta mnene, na pampu inapandisha. Maji ya mfereji kwetu hayaji saa zote, kwa hiyo tangi huwezi kulikosa, ila mahali pa kuliweka una hiari napo.

HAJI: Mtu atauliza: kwa nini msimwage zege, mkamaliza?

ZUHURA: Mume wangu aliuliza hivyo hivyo.

HAJI: Zege ni nzito na ngumu, ukuta wa matumbawe na chokaa ni laini na unapumua. Ukiupa ukuta laini slebu ngumu uibebe, unapasuka pale zinapokutana. Tena nyumba ya Mji Mkongwe huamui peke yako. Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na mji wenyewe umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000. Kabla hujavunja, peleka mchoro, omba kibali. Watu wanaona ni usumbufu, lakini pale utakuta watu waliozijua nyumba hizi kuliko fundi wa kuokota njiani.

ZUHURA: Sisi tulisubiri kibali, na kungoja kule kulitufaa. Nilipata muda wa kuifikiria nyumba upya. Mikoko nayo siku hizi haikatwi ovyo, kwa hiyo boriti tulizitafuta kwa njia ya halali, zikaja zimekauka, zikatiwa dawa ya mchwa, hasa kwenye ncha. Halafu mawe, halafu chokaa.

HAJI: Chokaa ina subira yake. Saruji unaweza kuikanyaga kesho. Chokaa inavuta hewa ukaa kidogo kidogo ndipo inarudi kuwa jiwe. Zamani sakafu ilipigwa kwa virungu siku kadhaa, watu wamejipanga mstari, wanaimba ili mapigo yaende pamoja. Neno lenyewe, kupiga sakafu, limebaki, hata kwa wanaomwaga saruji na hawapigi kitu.

ZUHURA: Mafundi wako walipiga siku tatu. Majirani walikuja mlangoni kuuliza kuna nini.

HAJI: Walipiga vizuri, vijana wale. Nawapa heshima yao.

ZUHURA: Haya, tufike chooni sasa, maana mie ndiko nilikotaka kufika tangu mwanzo.

HAJI: Choo cha kukaa kinunue kabla fundi bomba hajaweka bomba. Vipo vya aina mbili. Kimoja kinatoa maji chini, kinatoboa sakafu. Kingine kinatoa nyuma, bomba linaingia ukutani. Ghorofani kwenye boriti nataka kile cha nyuma. Kila tundu unalolitoboa kwenye sakafu ya chokaa ni mlango wa maji. Na bomba lishuke upande wa ua wa ndani, lisitambae mbele ya nyumba barabarani.

ZUHURA: Na kibla.

HAJI: Enhe! Hili fundi asiyejua anakuharibia. Sisi hapa Unguja Makka iko karibu kaskazini kabisa, tunalingana nayo karibu kwa mstari. Kwa hiyo choo kikielekea kaskazini umeelekea kibla, kikielekea kusini umekipa mgongo. Kiweke kitazame mashariki au magharibi.

ZUHURA: Cha zamani kilikuwa kinatazama kaskazini. Mama alipokuja mara ya kwanza alitoka akasema, "Mwanangu, nyumba nzuri, lakini kile choo kigeuzeni." Hakusema zaidi.

HAJI: Tumekigeuza. Halafu kazi ya maji. Sakafu ya bafu lazima iwe na mwinamo kuelekea kwenye tundu, mimi napenda sentimita mbili kwa kila mita. Pima kwa pima maji, usipime kwa jicho. Juu ya chokaa iliyokauka tukaweka tabaka jembamba la kusawazisha, halafu dawa ya kuzuia maji inayopakwa kwa brashi. Mpako wa kwanza unakwenda huku, wa pili unakatisha. Pembeni, pale sakafu inapokutana na ukuta, unalaza kitambaa cha nyuzi ndani ya dawa, kwa sababu hapo ndipo panapopasuka. Sehemu ya kuogea ipande ukutani mpaka juu ya kichwa cha mtu. Kwengine sentimita 15 zinatosha.

ZUHURA: Na chini hamkupaka.

HAJI: Chini ya dari tumeacha chokaa tupu. Ile sakafu ikiwa na unyevu, uwe na pa kutokea. Ukiziba juu na chini umeufungia unyevu ndani pamoja na boriti.

ZUHURA: Marumaru za bafuni nilibadilisha mawazo. Zile za kung'aa nimeziacha dukani. Mama ana miaka sabini na mbili, anatia udhu mara tano kwa siku, miguu mibichi. Nimechukua ndogo ndogo, za kukwaruza kidogo mguuni, na mapengo mengi ya grauti yanashika unyayo. Tumeweka na chuma cha kushikia karibu na choo, kimefungwa kwenye ukuta wenyewe, na mfereji wa chini wa kutilia udhu na kigoda cha kukalia. Mpira wa kustanjia, ule wa kujisafishia chooni, una koki yake ya kufungia. Mpira ule ukiachwa na presha mchana kutwa ipo siku unapasuka, na nyumba haina mtu.

HAJI: Hapo umesema jambo kubwa. Nimeitwa nyumba ngapi kwa mpira ule!

ZUHURA: Sasa tuseme na la chini, maana hapo tuligombana.

HAJI: Hatukugombana, Da Zuhura.

ZUHURA: Tuligombana. Sebule ya chini niliitaka ya marumaru nyeupe, ukuta kwa ukuta. Ukakataa.

HAJI: Nilikataa kwa sababu ya kuta. Nyumba hizi hazina kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Maji ya ardhini yanapanda, na chumvi yake. Sakafu ya chokaa inayaacha yatoke hewani kidogo kidogo, hujui hata kama yapo. Ukifunika sakafu nzima kwa marumaru na saruji, maji hayana pa kutokea katikati ya chumba, yanakimbilia kwenye kuta. Mwenye nyumba anaona ukuta umevimba, unatoa chumvi nyeupe kama unga. Anapiga plasta ya saruji mita moja. Unyevu unapanda mita moja na nusu. Anapiga tena. Nyumba ngapi za Malindi na Mkunazini ukipita utaona alama hiyo, plasta mpya chini na ukuta unamenyeka juu yake.

ZUHURA: Kwetu ilikuwa imefika kwenye mabega yangu. Mlipoibandua ile plasta ya saruji, ukuta ulikuwa umelowa kama sponji. Tukauacha wazi. Miezi minne, milango iko wazi mchana, upepo unapita. Mume wangu akisema wageni wataona aibu gani hii. Nikamwambia waone.

HAJI: Ulikuwa umeshabadilika.

ZUHURA: Nilibadilika nilipotia mkono ukutani mwezi wa tatu nikaukuta mkavu. Sikusimuliwa. Basi chini tumerudisha sakafu ya chokaa, tumeisugua ikawa laini, tumetandika mikeka. Mguu ukikanyaga ni baridi ya raha. Na vyumba vya juu hatukuongeza kitu, tumeziba nyufa tu.

HAJI: Wasikilizaji wa Fuoni, Tomondo, Mwanakwerekwe, nyinyi nyumba zenu za matofali na zege ni habari nyingine. Marumaru tandikeni. Ila hesabuni sawasawa. Chumba cha mita nne kwa tano ni mita 20. Ongeza sehemu ya kumi kwa ya kukata na kuvunjika, mita 22. Boksi la sitini kwa sitini lenye nne lina mita 1.44. Hapo chukua maboksi 16, na namba ya rangi iwe moja kwenye yote, maana mzigo wa pili mara nyingi haufanani na wa kwanza.

ZUHURA: Na mchanga?

HAJI: Mchanga unaochimbwa kwa kibali. Wa pwani hata ukipewa bure usiukubali, chumvi yake inaozesha chuma na ukuta haukauki. Na fundi akimaliza, pita na sarafu ugongegonge kila marumaru. Inayolia tupu chini haikushika. Irudiwe kabla hujamlipa yote.

ZUHURA: Leo mmefika wapi? Nimekuacha asubuhi.

HAJI: Tumeziba tundu la bafu la juu kwa kitambaa na plastiki, tumejaza maji vidole viwili, nimechora alama ya kalamu ukutani. Saa kumi jioni. Tunayaacha mpaka kesho saa kumi. Alama ikishuka ukucha, jua na hewa vimekunywa. Ikishuka zaidi, tunavua marumaru.

ZUHURA: Zote?

HAJI: Zote za sakafuni. Afadhali leo.

ZUHURA: Mama keshahamishia kiti chake chumba cha chini. Kakaa na tochi na tasbihi, anamulika boriti moja moja. Kanipigia simu mara mbili tangu tuanze kurekodi, sijapokea.

HAJI: Mpigie.

ZUHURA: Ngoja. Asalaam aleikum mama... Ndiyo... Ile ya tatu kutoka dirishani? ... Kavu? ... Alhamdulillahi. Endelea kutazama, tunakuja na chai.