Dozi ya Wodini Si Dozi ya Nyumbani

Mhadhara kwa wagonjwa, ndugu wanaowauguza na wanafunzi wa uuguzi, Siku ya Kisukari Duniani

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu mliotoka mbali, karibuni. Nyie wanafunzi mliosimama mlangoni, ingieni ndani, mabenchi ya mbele yako wazi.

Nimepewa nusu saa na mada ndefu: kudhibiti kisukari wakati wa utengamao, yaani kile kipindi cha kurudisha nguvu na kujifunza upya kujitegemea, mtu akishakatwa mguu au akishafanyiwa upasuaji wa mishipa ya damu. Kisukari ni nini, sitaeleza. Humu ndani wapo wanaojichoma sindano mwaka wa kumi na tano huu. Donda ndugu nalo mnalijua kuliko mimi, mmelala nalo. Mimi naanzia pale ambapo wengi wanadhani kazi imekwisha: mguu umeondolewa, nyuzi zimetoka, karatasi ya ruhusa imeandikwa, bajaji inasubiri getini.

Hapo ndipo panaponitia hofu. Na neno langu ni lile lile ambalo wenzangu wodini wamelisikia mpaka wamelichoka: dozi ya insulini iliyopangwa mguu ukiwa umeoza haiwezi kuwa dozi ya mtu ambaye mguu huo hana tena.

Mwili wenye uambukizo uko vitani. Unamwaga homoni za kotisoli na adrenalini, na hizo zinapandisha sukari na kuifanya insulini isifanye kazi yake sawasawa. Ndiyo maana mtu aliyekuwa anatumia yuniti 20 kwa siku anafika wodini na usaha, tunampa 50, na bado sukari iko juu. Ule usaha ukiondoka, vita vimekwisha. Sukari inaanza kuteremka yenyewe ndani ya siku chache. Na insulini? Insulini inabaki 50, kwa sababu hakuna aliyerudi kuitazama.

Niwape kisa, maana hiki sikisimulii kwa kusikia.

Mzee mmoja, fundi cherehani, ile ya kukanyaga kwa miguu. Aliletwa sukari ikiwa 27, kwa kipimo cha milimoli kwa lita, homa kali, mguu wa kushoto unanuka mpaka kwenye korido. Tukampandishia insulini ya mchanganyiko, ya haraka na ya polepole kwenye chupa moja, siku hadi siku tukafika 30 asubuhi na 20 jioni. Kwa siku zile ilikuwa sahihi. Akakatwa chini ya goti, na daktari wa upasuaji alihangaika sana kuliokoa lile goti, kwa sababu mtu mwenye goti lake anajifunza mguu wa bandia kwa urahisi zaidi, na huyu alikuwa anataka kurudi kwenye pedali. Baada ya upasuaji sukari ikaanza kushuka. Asubuhi 14. Kesho yake 11. Halafu 9. Halafu, siku moja kabla ya kuondoka, 5.8. Tukafurahi wodi nzima. Tukasema sukari imekaa vizuri.

Haikuwa imekaa. Ilikuwa inapita hapo ikielekea chini.

Fomu ya ruhusa niliijaza mimi. Ile 30 na ile 20 niliziandika kwa mkono huu, nikizinakili kutoka kwenye karatasi ya dawa.

Nyumbani mkewe, mama mwenye mapenzi kweli, alikuwa ameambiwa apunguze wanga. Akapunguza. Ugali akaukata nusu, usiku akampa mchicha na kipande cha samaki. Mzee naye hakuwa mtu wa kulala. Kutwa anajizoeza na magongo, kitandani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka kitandani. Sasa hesabuni wenyewe: uambukizo haupo, chakula kimepungua, mazoezi yameongezeka, sindano ni ile ile.

Usiku wa nne, saa tisa, mama akaamka akakuta shuka limelowa chapachapa. Mzee anatetemeka, anamwita mdogo wake aliyekwisha kufa zamani. Mama akadhani malaria. Jirani mmoja akasema hili ni la kuombewa. Wakiwa wanatafuta gari, mzee akainuka kitandani akapiga hatua kama mtu mwenye miguu miwili. Ubongo ulioishiwa sukari haukumbuki kwamba mguu haupo. Akaangukia kigutu, sakafu ya saruji. Mshono ukafumuka.

Aliyemwokoa ni binti wa jirani, mwanafunzi wa sekondari, ambaye rafiki yake wa bwenini ana kisukari. Aliuliza kitu kimoja tu: anaweza kumeza? Akakoroga sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji, akamnywesha taratibu. Baada ya robo saa mzee akatazama huku na huku akauliza mbona watu wamejaa chumbani. Lakini kigutu hakikupona tena. Alirudi kwetu, akakatwa juu ya goti. Lile goti alilohangaikia daktari liliondoka kwa sababu ya namba mbili kwenye karatasi.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, sista, si ninyi mliotuambia sukari ikipanda kidonda hakifungi? Ndiyo, tulisema, na ni kweli. Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu zinafanya kazi kwa uvivu na kidonda kinachelewa. Sina ugomvi na insulini. Inaokoa watu tangu 1922. Lakini kwa mzee mwenye mishipa iliyoziba, ambaye moyo wake nao una mishipa hiyo hiyo, mimi sitafuti 4 wala 5. Nikimkuta kati ya 6 na 10 wiki hizi za mwanzo, nashukuru. Sukari ya 11 usiku mmoja haitamuua. Ile ya 2 inaweza.

Mwingine atasema vijiti vya kupimia ni ghali. Ni ghali, sibishani. Basi pima mara chache, ila pima saa zenye maana. Asubuhi kabla ya kula. Kabla ya mazoezi. Kabla ya kulala. Na wiki ya kwanza nyumbani, usiku mmoja au miwili, tega simu ikuamshe saa tisa upime. Watu wanapima saa nne asubuhi wameshiba chai, namba inawatisha, wanaongeza sindano. Hapana!

Na anayetumia vidonge asijione yuko salama. Glibenklamidi inakaa mwilini muda mrefu, na wagonjwa wetu wengi wa miguu figo zao zimechoka. Figo zikichoka, dawa haitoki. Insulini nayo inakaa zaidi. Mtu anashuka leo, anapewa soda, anapanda, na baada ya saa chache anashuka tena. Huyo halali nyumbani, anarudishwa hospitali. Na asiyejitambua asimiminiwe kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, mkimbizeni.

Wanafunzi, hili la mazoezi liandikeni. Kutembea kwa mguu wa bandia ni kazi nzito. Aliyekatwa chini ya goti kwa sababu ya mishipa ya damu hukadiriwa kutumia nguvu takriban asilimia 40 zaidi ya mtu mwenye miguu yote kwa mwendo ule ule. Wa juu ya goti, zaidi ya hapo. Msuli unaofanya kazi unavuta sukari, na unaendelea kuivuta hata usiku, mtu amelala. Kwa hiyo kabla ya kumsimamisha kwenye vyuma vya mazoezi, muulize: umekula saa ngapi, umechoma saa ngapi, umechoma wapi. Asichome kwenye paja analokwenda kulifanyisha kazi, dawa itaingia haraka, achome tumboni. Akiwa chini ya 5, ale kwanza ndizi au kipande cha mkate. Akianza kutoka jasho na kukosea hesabu ya hatua, msimwambie ajikaze. Pimeni. Wengine wanatumia dawa za presha za jamii ya atenololi, ambazo zinaficha mapigo ya moyo na kutetemeka. Jasho ndilo linalobaki kuwasema.

Wale mnaojifunza kutengeneza miguu ya bandia pale TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia, Moshi, nanyi linawahusu. Hiyo kazi inafundishwa pale tangu 1981, na mnajua kigutu kinavyonywea na kuvimba. Mgonjwa akilalamika kwamba mguu umebana leo na jana haukubana, msiufikirie mguu peke yake. Ulizeni na sukari.

Chakula. Jamani, punguzeni kuwanyima watu chakula! Kidonda kinajengwa kwa protini. Dagaa, maharage, yai, maziwa ya mtindi. Nyumba nyingi mgonjwa ananyimwa vyote hivyo, kisha anapewa sahani ya ugali wa dona kwa sababu mtu kasema dona halina sukari. Dona ni mahindi.

Naona mwenyekiti anaonyesha saa. Basi haraka.

Mguu uliobaki sasa unabeba kazi ya miwili, na ugonjwa uliouondoa mwenzake umo ndani yake. Utazameni kila jioni, nyayo na katikati ya vidole, kwa kioo kama hainamiki. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko cha asiyeumwa. Kulala kwa neti, na miguu ifunikwe. Dar es Salaam wamekuwepo wagonjwa walioamka wamekuta panya amewatafuna vidole bila wao kuhisi.

Waliounganishiwa mshipa wa paja: lile kovu refu ni pale mshipa wa kuunganishia ulipotolewa, nalo ni kidonda kama vingine. Aspirini msiache kwa sababu maumivu yamekwisha, haikuandikwa kwa maumivu. Mguu ukipoa ghafla na kupauka, hiyo ni ya usiku huo huo, msingoje kliniki.

Mto chini ya goti la kigutu, hapana. Goti litakunjika na halitanyooka. Funga ya Ramadhani nilitaka niizungumze kwa kirefu, haitoshi muda; kwa kifupi, kidonda kikiwa bado kibichi usiamue peke yako, zungumza na daktari na shehe wako mapema.

Wenye madaftari ya kipimo waje hapa mezani. Tuanze na yule mama wa kitenge cha bluu, ambaye mumewe anaruhusiwa kesho. Mama, ile karatasi unayo? Tuone wameandika ngapi asubuhi na ngapi jioni.