Tengeneza spesa ya inhela kwa chupa ya maji, hatua kwa hatua

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa mezani nina chupa tupu ya maji ya nusu lita, inhela ya bluu (kile kifaa cha kupuliza dawa ya pumu), waya wa hanga, koleo na solotepu pana. Pale nje jiko la mkaa linawaka. Kwa vitu hivi tunatengeneza spesa, yaani chupa inayokaa kati ya inhela na mdomo wa mtoto mwenye pumu. Kama una ya dukani, tumia hiyo. Wazazi wengi ninaokutana nao kazini, mimi nikiwa muuguzi, wamejikamua wakanunua inhela na fedha ikaishia hapo.

Mama mmoja aliniambia, "Dada nesi, hii dawa haimsaidii mwanangu." Nikamwomba anionyeshe anavyompa. Akamwekea mtoto inhela mdomoni, akabonyeza, na ukungu mweupe ukatokea puani na pembeni mwa midomo. Mtoto akakohoa. Dawa ilikuwa nzima kabisa, ila ilikuwa haifiki. Tangu siku ile, kila mzazi ninayemhudumia namwomba kwanza anionyeshe.

Inatakiwa ifike wapi? Weka kidole kwenye kile kishimo kilicho chini ya shingo, katikati ya mitulinga. Nyuma yake pana bomba la hewa, kwa mtu mzima lina urefu wa sentimita kama 11. Limekazwa kwa pete za gegedu zenye umbo la herufi C, kwa hiyo halijikunji unapovuta pumzi. Likiingia kifuani linagawanyika mara mbili, tawi moja kwa kila pafu, kisha matawi yanagawanyika tena na tena, mara kama 23, mithili ya mwembe uliopinduliwa shina juu. Mwishoni kabisa kuna vifuko vya hewa, mamia ya milioni. Ukivikunjua vyote ukavitandaza, vinafunika karibu mita za mraba 70. Hapo ndipo oksijeni inaingia kwenye damu na kaboni dayoksaidi inatoka. Anayevuta hewa yote hiyo ni kiwambo, msuli uliotanda chini ya mapafu: ukishuka, kifua kinapanuka na hewa inaingia.

Pumu haikai kwenye vifuko. Inakaa kwenye vijia vyembamba vya kuelekea huko. Misuli inayovizunguka inajikaza, ngozi ya ndani inavimba, na makohozi mazito yanajaa katikati. Kama wewe huna pumu wala tatizo la moyo, chukua mrija wa soda, ziba pua, upumue kwa mrija huo tu. Sasa ubane kidogo kwa vidole. Umeona? Njia ikipungua nusu ya upana wake, ugumu wa kupitisha hewa hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara 16. Ndiyo maana mtoto anaweza kuwa anacheza saa kumi, na saa kumi na moja ameketi ameshika magoti, mabega juu. Na shida yake kubwa ni kutoa hewa: vijia vinazidi kubanwa anapopumua nje, hewa inanaswa ndani, na ule mluzi unaousikia ni hewa inayojipenyeza kutoka.

Sasa, inhela inapobonyezwa, dawa inaruka kwa kasi sana. Ikipulizwa moja kwa moja mdomoni, sehemu kubwa inagonga ulimi na nyuma ya koo na kumezwa. Kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja ni kazi ngumu hata kwa mtu mzima, sembuse mtoto anayetweta. Chupa inaipunguzia dawa mwendo. Matone makubwa yanabaki ukutani, yale madogo yanaelea, na mtoto anayavuta kwa pumzi zake za kawaida.

Na si ubahatishaji. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, Heather Zar na wenzake, walichapisha utafiti wa watoto 88 wa miaka 5 hadi 13 waliobanwa na pumu. Chupa ya nusu lita iliyozibwa vizuri pale inhela inapoingia ilifungua njia za hewa sawa na spesa ya kiwandani. Chupa isiyozibwa ilisaidia kwa kiasi, na kikombe cha plastiki kilikuwa cha mwisho kwa watoto waliobanwa zaidi. Kwa hiyo nitakaposema "ziba", naomba usiruke.

Twende nje. Mtoto mwenye pumu abaki ndani, kwa sababu moshi wa mkaa na wa plastiki vyote vinaweza kumbana.

Kwanza, chagua chupa ambayo kitako chake hakina mabonde makubwa. Za soda huwa na miguu miguu, zinasumbua. Vua kifuniko, na ukate pete inayobaki shingoni.

Pili, zungushia waya kwenye mdomo wa inhela hadi ushike umbo lake lile la yai, kisha uchomoe. Acha mkia mrefu wa kushikia kwa koleo. Umbo likiwa dogo kidogo ni afadhali kuliko kuwa kubwa.

Tatu, weka waya kwenye makaa hadi uwe mwekundu, uukandamize katikati ya kitako cha chupa. Utazama wenyewe, usiusukume. Plastiki ikiwa bado laini, ingiza mdomo wa inhela, ushikilie mpaka ipoe. Ukifanya haraka tundu linajifinyanga kwa umbo la inhela yako. Mimi ya kwanza niliiacha ikapoa, ikanibidi nichukue chupa nyingine.

Nne, toa inhela, gonga chupa, pekua kila kipande cha plastiki kilichoangukia ndani. Hapa naomba uwe makini sana. Kipande kikivutwa, mara nyingi kinaingia pafu la kulia, kwa sababu tawi la kulia ni pana na limesimama wima zaidi kuliko la kushoto.

Tano, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji. Ndani usisuuze wala usifute kwa kitambaa, acha ijikaukie yenyewe. Plastiki iliyosuguliwa inapata umeme tuli unaovuta dawa ukutani, na utando wa sabuni unaupunguza. Suuza mdomo wa chupa tu, pale midomo ya mtoto itakapogusa.

Sita, ikikauka, rudisha inhela na zungushia solotepu pande zote. Jaribu: ziba mdomo wa chupa kwa kiganja, bonyeza mara moja kwenye mwanga. Ukungu ukichungulia kwenye kiungo, ongeza solotepu.

Sasa matumizi. Mketishe mtoto, usimlaze. Chupa ilale, kopo la dawa lisimame wima. Tikisa vizuri. Mtoto apumue nje, aweke mdomo wa chupa katikati ya meno na kuufunga kwa midomo. Bonyeza mara moja. Avute na kutoa pumzi taratibu mara tano au sita bila kuondoa mdomo. Mhesabie kwa sauti, watoto wanapenda. Kama daktari ameandika mipulizo miwili, usiibonyeze yote kwa pamoja: subiri nusu dakika, tikisa, rudia kila kitu. Mtoto mdogo asiyeweza kufunga midomo anahitaji spesa yenye barakoa, ulizia kliniki.

Akibanwa ghafla, mpe mpulizo mmoja mmoja kwa utaratibu huo huo, hadi kumi. Kama hajapata nafuu, nendeni hospitali na endelea kumpa njiani. Lakini usisubiri hata hiyo kumi ukiona hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani, midomo inakuwa ya bluu, au analegea na kusinzia. Na mluzi ukinyamaza huku bado anahangaika, hiyo si nafuu. Ni kwamba hewa haipiti tena kiasi cha kutoa sauti.

Najua wengi wanaogopa inhela kwa kusikia kwamba inazoesha, au ni ya wagonjwa walioshindikana. Haizoeshi. Ya bluu ina salbutamoli, mikrogramu 100 kila mpulizo, inalegeza misuli ndani ya dakika chache na kuisha baada ya saa nne hadi sita. Uvimbe haiugusi. Uvimbe unatulizwa na dawa ya kuzuia, mara nyingi ya kahawia, yenye beklometasoni, inayovutwa kila siku hata mtoto akiwa mzima, kisha anasukutua mdomo na kutema. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa GINA, unaofuatwa na madaktari wa pumu duniani, haushauri vijana na watu wazima kutibiwa kwa salbutamoli peke yake. Kama ya bluu unaitumia zaidi ya mara mbili kwa wiki, rudi kwa daktari uulizie ya kuzuia.

Na si kila kikohozi ni pumu. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akiwa na homa na anapumua mara 40 au zaidi kwa dakika, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa nimonia. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu.

Kopo moja lina mipulizo 200. Kulielesha kwenye maji hakukuambii kilichobaki, kwa hiyo andika kwa kalamu tarehe uliyolifungua na uhesabu. Chupa ioshwe mara moja kwa wiki kama tulivyoiosha leo. Tundu likilegea, usiongeze solotepu juu ya solotepu, tengeneza nyingine. Na ukishapata mkono, tengeneza mbili, moja ikae kwenye begi la shule pamoja na inhela, na mwalimu wa darasa aonyeshwe inavyotumika.