Friji, Stata na Simba wa Ndutu

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Nimeombwa niwaeleze mambo ya betri, madereva wa Arusha na mafundi wetu, nami naanza na aibu yangu mwenyewe.

Nilikuwa Ndutu na Land Cruiser ya watalii. Simba jike na watoto wake wamelala hatua chache kutoka tairi la mbele, nikazima injini wageni wapige picha. Friji ilikuwa imekula usiku kucha kambini, na bado inanguruma. Chaja za kamera nazo ziko kwenye inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Nageuza ufunguo: tak, tak, tak. Nishuke nisukume? Nikaita redioni, tukakaa humo ndani mpaka simba walipoondoka, mwenzangu akaja kuniboosti. Wageni walicheka sana. Mimi sikucheka.

Betri ile, moja tu kwa stata na friji, ilikuwa na mwezi mmoja tu. Tupige hesabu. Tuseme stata, mota ya kuwashia injini, inanyonya ampea 200 kwa sekunde tatu: hiyo ni chini ya robo ya ampea-saa (ampea-saa moja ni ampea moja kwa saa nzima). Friji inakula ampea 4, na tuseme nusu ya muda imepumzika. Kwa siku nzima ni ampea-saa 48, yaani sawa na kuwasha gari karibu mara 290! Ndiyo maana betri ya stata ina pleti (bamba za risasi za ndani) nyembamba nyingi, za kutoa nguvu kwa kishindo kisha zijazwe upesi. Ukizikausha kila usiku, zinapukutika. Friji ipewe betri yake ya pleti nene, na hata hiyo usiishushe chini ya nusu. Ikishapumzika saa kadhaa, volti 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu. Ukipima dakika ileile uliyozima injini, mita itakudanganya.

Sasa, wengi wetu tukishaweka betri ya pili na bado inakufa, tunakimbilia kununua kubwa zaidi. Ndugu, kama maji hayafiki, pipa kubwa la nini? Juzi nimefungua gari moja: altaneta, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, inatoa volti 14.2 safi kabisa, lakini waya wa kwenda kwenye betri ya pili nyuma ni milimita za mraba 2.5, mita sita kwenda na sita kurudi. Ukipitisha ampea 10 humo, unapoteza karibu volti 0.8. Betri ya nyuma inaona 13.4, na haijai hata ukiendesha mpaka Seronera. Betri ya risasi, yaani hizi za kawaida za asidi, isiyojaa inaota chumvi, chumvi inaganda, mwenye gari anasema kauziwa betri feki.

Weka waya mnene, wenye fyuzi karibu na kila betri. Rilei (swichi ya umeme) ya kutenganisha betri inasaidia, ila chaja ya DC-DC, inayochajia betri ya pili kwa umeme wa gari, ni bora, kwa sababu inapandisha volti hukohuko nyuma. Na kwa kuwa robo ya mwisho ya betri ya risasi hujaa polepole hata ukiilazimisha, paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa itamalizia kazi mkiwa mmeegesha. Betri ya lithiamu? Nzuri, ila inanyonya umeme kwa pupa. Ukiiunga moja kwa moja na altaneta huku gari linatambaa, feni ya altaneta haipozi, altaneta inaungua. Hapo DC-DC si hiari.

Kaka pale nyuma anauliza kuhusu Fuso lake la volti 24, redio ya 12 imeungwa kwenye betri moja. Iondoe leo. Gari hilo lina betri mbili za 12 zilizofuatana kufanya 24, na altaneta inazijaza zote mbili kama kitu kimoja: ile yenye redio inabaki na njaa, mwenzake anachemka na kukausha maji. Nunua kipunguza volti, ukiunge kwenye 24 nzima.

Haya, mita ninayo. Tutoke nje, tuanze na gari lako.