Karatasi Iliyopotewa na Kitabu Chake

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mashekhe wetu, walimu, kinamama na kinababa, na nyinyi vijana wa skuli mliokaa nyuma kule, sogeeni mbele, maana leo kuna vitu vya kutizama kwa karibu.

Nianze na hii niliyoishika. Ni karatasi moja tu, kubwa, haina jalada wala jina la mtunzi. Juu kabisa pameandikwa kwa Kilatini "Folium", kisha namba kwa tarakimu za Kirumi. Chini yake maandishi meusi yaliyosongamana, na katikati mchoro wa mji wenye kuta na minara. Karatasi hii imetoka katika kitabu cha historia ya dunia cha Hartmann Schedel, kilichopigwa chapa na Anton Koberger katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1493. Chapa ya Kilatini ilitoka Julai, ya Kijerumani ikafuata Disemba mwaka huohuo. Kati ya vitabu vyote vya Ulaya vya kabla ya 1501, karatasi zake ndizo zinazoonekana sana mikononi mwa wakusanyaji, kwa sababu nakala zilizochapwa zilikuwa nyingi na michoro yake inapendeza ukutani.

Sasa, nimejuaje? Mtu atasema, si umeuona mji huo, ukautambua. La. Kitabu hiki kina picha zaidi ya 1,800, lakini vibao vya mbao vilivyochongwa ni 645 tu. Kibao kimoja kilitumika kwa mji huu, kurasa chache mbele kikatumika kwa mji mwingine kabisa. Picha haitoshi kuwa ushahidi. Na hata maneno hayatoshi: huko Augsburg mchapaji Johann Schönsperger alitoa chapa zake za kitabu hikihiki, ya Kijerumani 1496 na ya Kilatini 1497, bila ya idhini ya mtu, kwa umbo dogo zaidi. Maneno yaleyale, michoro iliyoigizwa. Anayesoma maneno peke yake atachanganya. Anayepima karatasi kwa rula hatachanganya.

Hilo ndilo nililokuja kulisema jioni hii: karatasi iliyopotewa na kitabu chake bado inaweza kusema imetoka wapi, ila aghlabu haisemi kwa maneno yake. Inasema kwa mwili wake.

Kwa nini tulishughulikie jambo hili hapa Unguja? Kwa sababu nyumba zetu zimejaa karatasi za namna hii. Sisi karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu hatuitupi jaani. Msahafu ukichakaa, au kitabu cha fiq-hi kikiliwa na mchwa, zile karatasi zinazobaki hukusanywa, zikatiwa mfukoni au kwenye kasha, zikapandishwa darini au zikawekwa kwenye rafu ya msikiti zikisubiri kuzikwa. Heshima hiyo ya wazee wetu imetuachia hazina ya karatasi moja-moja ambayo miji mingi haina. Na kila mwaka sehemu ya hazina hiyo inaondoka bila ya mtu kuiuliza ilikuwa nini.

Basi tuanze na mwili. Chukua karatasi, iinue mbele ya dirisha au washa tochi ya simu nyuma yake. Karatasi za zamani za Ulaya zilitengenezwa kwa vitambaa chakavu vilivyopondwa hadi vikawa rojo. Fundi alichota rojo kwa kiunzi cha mbao chenye nyaya. Maji yakachuruzika, alama za nyaya zikabaki. Kwa hiyo ukitizama kwenye mwanga utaona mistari myembamba iliyosongamana, na kuikata, mistari mingine iliyoachana kwa kiasi cha sentimita mbili na nusu hivi. Pengine utaona na alama ya maji, yaani nembo ya fundi inayoonekana penye mwanga tu: kichwa cha ng'ombe, mkono, nanga, taji.

Ukiona hakuna mistari yoyote, karatasi ni laini tupu, basi hiyo haiwezi kuwa ya karne ya 15. Karatasi ya namna hiyo ilianza kutumika kwenye vitabu vya Ulaya katika miaka ya 1750. Jambo hili moja linatosha kuwavua nguo wauzaji wengi.

Na mwelekeo wa mistari unatwambia kitabu kilikunjwa vipi. Karatasi nzima ikikunjwa mara moja, mistari ile iliyoachana inasimama wima, na alama ya maji inakaa katikati. Ikikunjwa mara mbili, mistari inalala, na alama inaangukia kwenye mkunjo, nusu huku nusu kule. Ikikunjwa mara tatu, mistari inasimama tena, na alama inapanda pembeni juu, karibu na mshono. Mtu hajasoma hata neno moja, na tayari ameshajua umbo la kitabu.

Rangi nayo inadanganya watu sana. Wengi hudhani karatasi ikiwa ya kahawia na inavunjika-vunjika basi ni ya kale mno. Aghlabu ni kinyume chake. Karatasi ya vitambaa inaweza kukaa miaka 500 ikabaki nyeupe na laini. Inayogeuka kahawia na kukatika ni ile ya mbao iliyoenea tangu katikati ya karne ya 19. Nimeona gazeti la juzi tu likiwa limechoka kuliko karatasi ya 1493.

Kisha maandishi. Kwa vitabu vya Kilatini vya mwanzo kuna kipimo kinachotumiwa mpaka leo na wanaoshughulika na kazi hii: unapima mistari 20, kuanzia chini ya herufi za mstari wa kwanza mpaka chini ya herufi za mstari wa 21, kwa milimita. Kila mchapaji alikuwa na herufi zake za risasi, yaani vipande vya madini vyenye herufi moja-moja, na ukubwa wake haukuwa sawa na wa jirani yake. Ile Biblia ya mchapaji Gutenberg wa Mainz, Ujerumani, iliyokamilika kiasi cha mwaka 1455, mistari yake 20 inatoa kiasi cha milimita 140. Mjerumani Konrad Haebler akaongeza jambo: tizama umbo la herufi kubwa M. Aliziorodhesha M za wachapaji wa karne ya 15 kwa maumbo yake. Ukiwa na kipimo cha mistari 20 na umbo la M, unakaribia mlango wa mchapaji mwenyewe. Baada ya hapo unachukua maneno machache yasiyokatwa, unayatafuta katika orodha zilizomo kwenye intaneti. Ile ya British Library ina matoleo yapatayo 30,000 ya kabla ya 1501, na maktaba kubwa kama ya Munich zimeweka picha za vitabu vizima bila ya malipo. Unalinganisha mstari kwa mstari. Jihadhari na vifupisho tu: kistari juu ya irabu huwa kimebeba m au n iliyoachwa.

Nije kwenye karatasi za Kiarabu, ambazo ndizo nyingi kwetu.

Kiarabu kilipigwa chapa kwa herufi za risasi mapema kuliko wengi wanavyodhani, lakini ugenini. Kitabu cha kwanza kinachojulikana ni cha sala za Kikristo, kilichapwa Fano, Italia, mwaka 1514. Kule Roma, mwaka 1593, matbaa, yaani nyumba ya kupigia chapa, ya ukoo wa Medici ikatoa Kanuni ya tiba ya Ibn Sina kwa Kiarabu. Istanbul ilingoja mpaka Ibrahim Müteferrika alipotoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1729, na matbaa ya Bulaq, Misri, ikaanza kutoa vitabu mwaka 1822. Vilivyofika kwetu kwa majahazi na meli ni hivyo vya Misri na vya Bombay, na vya Bombay vingi ni chapa ya mawe: katibu anaandika kwa mkono, maandishi yanahamishiwa kwenye jiwe, jiwe ndilo linalopiga chapa.

Basi utazipambanuaje? Tafuta neno lililojirudia katika ukurasa mmoja. Katika vitabu vya fiq-hi neno "qala" halikosekani. Chukua kioo cha kukuzia, zitizame "qala" nne au tano. Kama ni herufi za risasi, zinafanana kabisa. Na kama qaf moja imepata pengo, pengo hilohilo utalikuta tena kurasa kadhaa mbele, kwa sababu ni kipande kilekile cha risasi kilichorejea kazini. Kama ni chapa ya mawe, hakuna "qala" mbili zilizo sawasawa, maana mkono wa mtu haurudii. Tizama na mwisho wa mstari: katibu akiishiwa na nafasi hulipandisha neno la mwisho juu kidogo, akalikalisha mabegani mwa mwenziwe. Mpanga herufi za risasi hana njia ya kufanya hivyo. Pitisha na kidole nyuma ya karatasi. Risasi mara nyingi huacha mgandamizo, jiwe haliachi. Na ukiona wino umevunjika kuwa nukta ndogo-ndogo zilizopangwa safu, hiyo ni picha ya karatasi nyingine, si ya kale hata kidogo.

Jengine: tarehe. Karatasi ya mwisho ya kitabu huwa na mwaka, na mwaka huo ni wa Hijria. Mwaka 1300 Hijria ulianza Novemba 1882. Mtu akikuonesha 1300 akakwambia ni kitabu cha miaka mia saba, mpishe.

Na hapahapa Unguja palipigwa chapa vitabu. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya Waingereza, walikuwa na mtambo wao, na Edward Steere, aliyefika mwaka 1864, alichapa kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi. Kwenye skuli yao ya Kiungani likaja kutolewa jarida la Msimulizi kuanzia 1888. Sayyid Barghash naye, aliyetawala 1870 mpaka 1888, akaanzisha Matbaa ya Sultani. Humo vilitoka vitabu vikubwa vya madhehebu ya Ibadhi, kikiwemo Kamusi ya Sharia cha Jumayyil bin Khamis al-Saadi, kazi ya juzuu 90, ambazo ni sehemu yake tu iliyowahi kuchapwa hapa. Moyo wangu uko hapa zaidi kuliko Nuremberg, nalisema wazi. Karatasi ya Koberger ina ndugu zake maelfu katika maktaba za dunia. Karatasi ya Matbaa ya Sultani iliyomo kwenye kasha la bibi yako, ndugu zake wanahesabika, na wengine pengine wamo kwenye kasha la jirani.

Kuziunganisha kuna njia. Vitabu vingi vya Kiarabu huweka chini ya ukurasa, pembeni, neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Lisome neno hilo, kisha pekua karatasi nyengine inayoanza nalo. Halafu linganisha matundu ya wadudu: mdudu hutoboa moja kwa moja, kwa hiyo matundu ya karatasi mbili zilizolaliana yanakaa mahali pamoja, na la ndani huwa dogo kidogo au kubwa kidogo kuliko la juu yake. Madoa ya maji ni vivyo hivyo.

Lazima niseme na hili la kuvunja vitabu. Mwaka 1921, huko New York, mfanyabiashara Gabriel Wells alinunua Biblia ya Gutenberg isiyotimia, akaigawa na kuiuza karatasi moja-moja. Otto Ege, mwalimu wa sanaa wa Cleveland, alitumia miaka mingi kukata vitabu na miswada, akisema kwamba watu wa kawaida na skuli ndogo nao wapate kushika kitu cha kale. Hoja yake ina uzito. Mimi nisingeishika karatasi hii leo kama hakuna aliyevunja. Lakini leo wataalamu wanahangaika kutafuta picha duniani kote ili wakiunganishe tena kitabu kimoja alichokikata yeye. Kununua karatasi ya kitabu kilichokwisha haribika, sawa. Kukitia kisu kitabu kizima, au hata nusu, ili kila ukurasa uingie kwenye fremu ya kuuzia wageni, mimi nakuona ni kuua.

Ukiwa nazo, usizitie laminesheni, usizibandike selotepu, usizitundike penye jua. Ziweke bapa ndani ya bahasha ya karatasi safi, mahali pakavu panapopita hewa, na kwenye bahasha, si kwenye karatasi yenyewe, andika kwa penseli zimetoka nyumba gani na zilikuwa pamoja na nini. Nyaraka za Taifa, Kilimani, wanahifadhi maandiko ya Kiarabu na ni watu wa kuwauliza.

Kuna mzee ameniuliza hapa kuhusu karatasi za misahafu. Mzee wangu, hizo ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu maneno hayakusaidii: sura na aya utazijua papo hapo, lakini Kitabu ni kimoja katika kila chapa. Hapo kinachozungumza ni mpangilio. Mkiwa na udhu, hesabuni mistari ya ukurasa, andikeni neno la kwanza na la mwisho, tizameni alama za waqfu, zile za kumwonesha msomaji pa kusimama, na mistari ya fremu. Kisha tafuteni misahafu mikongwe iliyo mizima misikitini, ile iliyobaki na karatasi yake ya mwisho yenye jina la matbaa na mwaka, mlinganishe ukurasa uleule. Anayejua uliko msahafu wa Bombay uliotimia, naomba anione kabla hatujaenda kusali Isha.