Mapipa ya Shinkolobwe

Mwenyekiti, walimu wangu, ndugu zangu, nashukuru kwa kunikaribisha.

Likitajwa bomu la atomu, wengi wetu akili hukimbilia kwa Oppenheimer, mwanasayansi aliyeongoza kulitengeneza, na kofia yake, jangwa la New Mexico, mwanga wa jaribio la kwanza alfajiri ya 16 Julai 1945. Leo naomba tuanzie Katanga, kusini mwa Kongo, kwenye shimo liitwalo Shinkolobwe, karibu na Likasi, mji ambao Wabelgiji waliuita Jadotville.

Mgodi ule haukuchimbwa kwa ajili ya vita. Urani, madini yanayotengenezewa bomu hilo, iligunduliwa pale mwaka 1915, na kampuni ya Wabelgiji ya Union Minière ilichotaka ni radiamu, iliyouzwa kwa bei ya kutisha kwa ajili ya tiba. Urani yenyewe ilikuwa kama kapi, ikitumika kutia rangi vyombo vya udongo na vioo. Mwaka 1937 wakaufunga, shimo likajaa maji.

Miaka miwili baadaye, Agosti 1939, mwanasayansi Einstein alitia saini barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani, kumwonya kwamba urani inaweza kutengenezewa bomu. Ndani yake mna maneno yanayotuhusu: chanzo muhimu kuliko vyote cha urani ni Kongo ya Wabelgiji.

Kwa nini Kongo, wakati Kanada na Colorado, Marekani, nako ilikuwepo? Hapa nitakaa kidogo. Chukua urani ya kawaida, igawe sehemu 1,000. Zinazofaa kwa bomu la aina ya lile la Hiroshima ni 7 tu. Kwa hiyo unahitaji mawe mengi mno, isipokuwa mawe yako yawe ya ajabu. Ya Shinkolobwe yalikuwa ya ajabu: mbale yake bora, yaani mawe yenye madini, ilikuwa na oksidi ya urani kama asilimia 65. Ya Colorado haikufika hata asilimia 1. Mama zetu wanaopeta mchele wanajua kupata kibaba kimoja kwenye gunia la pumba ni kazi ya namna gani.

Mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alikwisha kuonywa na Waingereza mwaka 1939 kwamba mali aliyo nayo ni ya hatari. Wajerumani walipoivamia Ubelgiji mwaka 1940, akaamuru zaidi ya tani 1,000 zipelekwe New York. Zikawekwa kwenye mapipa ya chuma katika bohari kule Staten Island, na hapo zikalala! Sengier aliwagusia maofisa wa Marekani, hawakumjali. Septemba 1942 ndipo afisa wa jeshi wa mradi wa siri wa bomu, Kenneth Nichols, alipoingia ofisini kwake. Hawakumaliza hata saa moja, wakaandikiana kwenye karatasi ya njano, shehena ikawa ya jeshi.

Mgodi ukafunguliwa upya, maji yakavutwa. Mbale ikapanda treni hadi Ilebo, ikashuka mto Kasai kwa tishari hadi Leopoldville, Kinshasa ya leo, ikapanda treni tena hadi bandari ya Matadi, kisha meli. Jina la Shinkolobwe likafanywa siri.

Na nani aliyechimba, aliyebeba? Katika migodi ya Katanga Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi, kwa hiyo amri za mradi ule wa siri, kwa upande wa Afrika, zilitoka kwa lugha yetu hii. Watu wale hawakuambiwa jiwe linakwenda wapi. Na msidhani walikuwa wanyonge wasiosema: Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara, na mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, askari wakawafyatulia risasi, wakaua makumi.

Ya Oak Ridge na Los Alamos, kule Marekani urani ilikosafishwa na bomu likaundwa, mmeyasoma, nayapita. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu lenye urani ya kilo 64 hivi liliangushwa Hiroshima. Mwaka uliofuata Sengier alivishwa nishani na Marekani.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, dada. Anauliza, la Nagasaki je? Lile lilikuwa la plutoniamu. Lakini plutoniamu haichimbwi. Ilipikwa katika kiwanda cha Hanford, Marekani, kutokana na urani, na sehemu kubwa ya urani ya mradi mzima ilitoka Kongo.

Na kaka anauliza kama shimo lipo bado. Lipo. Mwaka 2004 serikali ilikwisha kupiga marufuku uchimbaji pale, lakini watu waliendelea kuingia kufuata kobalti. Julai mwaka huohuo likaporomoka, likaua 8.